Makofi ya Kilo

Januari mwaka huu nilipiga makofi, na mpaka leo nayaonea haya.

Ilikuwa Jumamosi, uwanja wa kanisa, hapa Kangeta. Turubai mbili, viti vya plastiki vya kukodi, spika inayokwaruza. Mezani palikuwa na ndoo mbili, moja ya akina baba na nyingine ya akina mama, na nyuma yake mweka hazina na daftari lake. Kijana aliyetukusanya alikaa pembeni kivulini, kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima, miguu imefunikwa leso ya mama yake. Ana miaka 23. Novemba iliyotangulia alipanda mti wa miraa alfajiri, mvua imenyesha usiku kucha, tawi likamponyoka mguuni, akaja chini kwa mgongo. Tangu siku hiyo, kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu.

Mshereheshaji akamwita tajiri. Tajiri akasimama, akarekebisha koti, akatuombea baraka, akatoa bahasha. Shilingi 20,000. "Makofi ya kilo!" mshereheshaji akapaza sauti, nasi tukayapiga kilo nzima. Mama wa kijana akainuka, akamshika tajiri mikono yote miwili, akainama mpaka kilemba kikataka kuanguka. Mimi nilikuwa nimeshatia mia tano yangu ndooni, nikajiona mdogo mbele ya ukarimu ule.

Sasa sikiliza. Tajiri yule ndiye aliyemwajiri kijana. Ndiye aliyekodi ile miti kwa msimu, ndiye aliyempigia simu usiku kumwambia gari litaondoka saa nne kwa hiyo miraa iwe imefungwa mapema. Alikuja kanisani akiwa mdaiwa, akalipa kipande cha deni lake, tukamshangilia kama mfadhili. Deni lililobaki tukajitwika sisi, wauza mboga na walimu wastaafu na wanawake wa kufunga miraa, kwa noti za hamsini na za mia.

Ndiyo maana nasema, na atakayechukia achukie: harambee ya mtu aliyeumia kazini ni mchango wa kumsaidia mwajiri wake. Tunamchangia yeye. Kijana ni bango tu la kutuonyesha.

Wengi hapa hudhani mchumaji wa miraa akianguka hana pa kushika ila kanisa na jamaa. Ni uongo, na ni uongo wenye faida kwa watu fulani. Tangu Juni 2008 nchi hii ina sheria inayotumika, ile ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha kazini, ambayo kila mtu wa ofisini huiita WIBA. Sheria hiyo inasema mfanyakazi akiumia kazini mwajiri analipa. Inamlazimisha mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake kabla hajamtuma mtu yeyote popote, na asipokuwa nayo ametenda kosa la jinai. Inasema gharama za matibabu zinazostahili ni za mwajiri. Inasema aliyelazwa asiweze kufanya kazi aendelee kulipwa mapato yake kwa muda usiozidi miezi 12. Na akibaki na ulemavu wa kudumu, hesabu inaanzia kwenye mapato ya miezi 96, kisha inapimwa kwa asilimia ya ulemavu iliyoandikwa kwenye jedwali la sheria yenyewe. Kupooza kabisa, au jeraha la kumfanya mtu asiinuke tena kitandani, ni asilimia 100.

Chukua karatasi tupige hesabu. Kijana alikuwa akipata, kwa wastani wa siku nzuri na mbaya, shilingi 500 kwa siku. Siku 26 za mwezi ni 13,000. Mara 96, ni shilingi 1,248,000. Waziri ana mamlaka ya kuweka kiwango cha chini na cha juu, daktari ndiye anayetaja asilimia, kwa hiyo sisemi hiyo ndiyo hundi atakayopokea. Nasema hapo ndipo mazungumzo yanapopaswa kuanzia. Harambee yetu, pamoja na bahasha ya tajiri, ilipata 91,350. Zingehitajika karibu 14 kama hiyo, na sijui kanisa lipi hapa Igembe lingevumilia kumchangia mtu mmoja mara 14. Ile bahasha iliyotutoa machozi ni chini ya shilingi mbili katika kila mia ya hesabu hiyo.

Na kilo yenyewe, wageni wa biashara hii wajue, haijui mizani. Kilo ya miraa ni hesabu ya vifungu. Tunahesabu kwa makini ajabu. Mchumaji anajua vifungu vyake, mfungaji anajua vyake, ajenti anajua, dereva wa Probox anajua, anayepokea Eastleigh anajua, na kikipungua kifungu kimoja njiani simu zinapigwa mpaka aliyekitafuna ajulikane. Katika mnyororo wote huo hakuna daftari la walioanguka. Mtu amevunjika mgongo, na kumbukumbu pekee iliyopo ni ya mweka hazina wa harambee.

Nimeuliza kwa nini. Majibu niliyopewa ni matatu, na yote nimeyasikia kwa watu ninaowaheshimu.

La kwanza: "Alianguka mwenyewe." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linasemwa kwa upole, huku mtu akitikisa kichwa. Alianguka mwenyewe, nani angemwangusha? Wakishasema hivyo huongeza kwa sauti ya chini kwamba alikuwa ametafuna usiku kucha, au alikuwa na haraka, au alipanda bila kujikaza kamba. Haraka ilikuwa ya nani? Miraa ikishachumwa ina kama siku mbili kabla haijafa utamu wake. Ndiyo maana inafungwa kwa majani ya mgomba ikiwa na umande, ndiyo maana magari yetu yanakimbia barabara ya Meru kana kwamba yanafukuzwa. Haraka hiyo ni ya soko, inateremka kutoka kwa mnunuzi hadi kwa ajenti, kwa tajiri, na mwisho wake ni nyayo za kijana kwenye gome lililolowa. Na hata tukikubali kwamba alikosea, sheria haiulizi. Ndiyo maana yake. Haikutungwa kutafuta nani mzembe. Kifungu cha 10 kinasema mfanyakazi aliyejiumiza kwa utovu wa makusudi anaweza kukosa mafao, kisha hapo hapo kinaweka ubaguzi: isipokuwa jeraha limemwacha na ulemavu mkubwa, au amekufa. Mbunge aliyepitisha sheria hiyo alimhurumia mchumaji kuliko sisi majirani zake tunaomhukumu kwenye vibanda vya chai.

La pili: "Yule hakuwa mwajiriwa, ni kibarua tu." Neno hilo "tu" limeua watu wengi. Kibarua tu, mtu wa mkono tu, kijana wa kuchuma tu. Hana karatasi, halipwi kwa mwezi, analipwa kwa kifungu. Vizuri. Sheria ya Ajira, ya mwaka huo huo wa 2007, inatambua mkataba wa mdomo kama inavyotambua wa maandishi. Inatambua kazi ya kulipwa kwa kipande. Kifungu chake cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofika jumla ya mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kwisha kabla ya miezi mitatu, mkataba wake hauhesabiwi tena kuwa wa kutwa. Na mwajiri aliyepaswa kuandika mkataba asiuandike, wakifika mbele ya hakimu mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. Kijana wetu alichuma kwa tajiri mmoja misimu mitatu. Misimu mitatu! Kuna ndoa za mjini hazifiki hapo.

Jibu la tatu ni la kijanja zaidi, na hapa lazima niende polepole kwa sababu ndipo fidia nyingi zinapozikwa. Uliza tajiri wa kijana ni nani. Mwenye shamba atakwambia: miti yangu nilishaikodisha, muulize aliyeikodi. Aliyeikodi atasema: mimi nanunua kwa ajenti, wachumaji ni wake. Ajenti atasema: mimi napatana na kiongozi wa kikundi, yeye ndiye analeta vijana. Kiongozi wa kikundi naye ana miaka 26, hana hata baiskeli, na alikuwa juu ya mti wa pili siku hiyo. Pesa zinapopanda, kila mmoja wao anajua anastahili ngapi. Mgongo unapovunjika, wote wanakuwa wapita njia.

Jibu lipo. Sheria ya Ajira inapomtaja mwajiri inamhesabu pamoja na ajenti wake, msimamizi wake na wakala wake. Hawakuandikwa humo kwa bahati. Aliyeiandika alikuwa ameshawaona watu kama hawa, kwenye mashamba ya chai, kwenye kahawa, kwenye mijengo, wakirushiana maiti kama mpira. Swali la kuuliza ni jepesi: nani alimwambia kijana aje lini, achume miti ipi, alipwe ngapi? Simu ya saa tatu usiku ilitoka kwa nani? Namba iko kwenye simu ya kijana. Pesa za M-Pesa za misimu mitatu nazo ziko humo, na jina la mtumaji linajitokeza kila safari.

Nilimfuata tajiri mwezi wa Juni. Sikumfuata kwa shari. Nilimsomesha darasa la sita, na mtu uliyemsomesha unamwendea kwa miguu. Alinikaribisha vizuri, akaniagizia chai. Nikamwambia kuhusu WIBA. Akanisikiliza, kisha akacheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka kukuvunjia heshima.

"Mwalimu," akasema, "nikianza kulipa kila anayeanguka nitauza gari. Na nilimsaidia. Ulikuwepo."

Nilikuwepo. Hapo ndipo nilipoelewa tulichomfanyia kijana kwa makofi yetu. Tulimpa tajiri risiti. Mbele ya mchungaji, mbele ya naibu wa chifu, mbele ya spika, tulimwandikia kwamba deni lake limekwisha na kwamba kilichotoka mfukoni mwake kilikuwa hisani. Sasa yeyote anayemdai anaonekana mtu asiye na shukrani.

Fidia ya kazini ilipobuniwa, kule Ujerumani mwaka 1884 na baadaye katika nchi nyingine, ilikuwa biashara ya nipe nikupe. Mfanyakazi anaacha haki ya kumshtaki mwajiri na kudai mamilioni kwa uzembe. Mwajiri naye anakubali kulipa kiasi kinachojulikana bila kubishana nani mkosa. Sheria yetu imefuata njia hiyo. Kifungu cha 16 kinamzuia mfanyakazi kumpeleka mwajiri mahakamani kudai fidia ya jeraha. Aende kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Asiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kupinga, na baada ya hapo rufaa katika Mahakama ya Ajira.

Mawakili hawakuipenda biashara hiyo. Chama cha Wanasheria kikaenda kortini, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu kadhaa kuwa kinyume cha katiba. Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi vyake mwaka 2017. Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi tarehe 3 Desemba 2019: sheria iko sawa, njia ni ya Mkurugenzi. Zaidi ya miaka 10 ya mawigi na majoho, na walioumia katikati ya miaka hiyo wasijue waende mlango upi, hata ikabidi Jaji Mkuu Martha Koome atoe mwongozo mwaka 2023 kuhusu kesi zilizokuwa zimeshafunguliwa. Sikatai kwamba ubishi ule ulikuwa na maana kwa mfanyakazi wa kiwanda mwenye kitambulisho cha kazi na payslip. Kwa mchumaji wa Kangeta ulikuwa ugomvi wa ndugu matajiri juu ya urithi ambamo yeye hakutajwa. Sheria ilimnyang'anya haki ya kushtaki, ikamwahidi malipo ya uhakika, na malipo ya uhakika hayajafika huku. Ametoa chake, hajapokea cha mwenzake.

Wanasiasa wetu nao. Sikumbuki mwaka ambao miraa haikuzungumzwa na wakubwa. Uholanzi ilipoipiga marufuku mwaka 2013 na Uingereza ikafuata Juni 2014, viongozi walilia mpaka wakaitwa ikulu. Serikali ya Uhuru Kenyatta ikatenga shilingi bilioni moja kwa ajili ya wakulima wa miraa, na sheria ya mazao ikarekebishwa mwaka 2016 ili miraa itambuliwe rasmi. Somalia ilipofunga anga Machi 2020, kwetu palikuwa matanga ya miaka miwili, hadi Julai 2022 ndege ziliporuka tena. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipoipiga marufuku muguka, aina nyingine ya miraa, ndugu zetu wa Embu waliamka, Rais akaingilia, kila redio ikawaka. Mimi mwenyewe nililia na waliolia. Miaka ile ya soko kufungwa ilituonyesha njaa. Lakini katika matamko yote hayo, ya ikulu, ya kaunti, ya vyama vya wafanyabiashara, nitajie moja lililosema neno kuhusu mtu aliye juu ya mti. Tulipigania haki ya jani kusafiri kwa ndege. Aliyelichuma anasafirishwa hospitali nyuma ya pikipiki, ameshikiliwa na wenzake wawili, mgongo uliovunjika ukikunjwa kila kwenye tuta. Na WIBA hiyo hiyo inasema chombo cha kumfikisha majeruhi kwa daktari ni juu ya mwajiri.

Hata mti una watetezi kumshinda mchumaji. Miti mikongwe tunayoiita mbaine ina heshima yake, na anayeigusa vibaya anajua wazee watamuita. Sisemi vibaya juu ya desturi hiyo. Miti ile ndiyo iliyosomesha watoto wetu. Nauliza tu kama wazee wetu wa Njuri Ncheke, waliomudu kuulinda mti kwa kiapo miaka yote hii, hawawezi kutamka neno moja kuhusu vijana wanaoukwea.

Kuna mtu ataniandikia, namjua, kusema kwamba mkulima mwenye miti minane hawezi kulipa milioni moja na ushee. Kweli kabisa. Akilipishwa atauza shamba, na tutakuwa na familia mbili ombaomba badala ya moja. Sheria yetu ina udhaifu hapo, nami siuachi kwa sababu tu unaniharibia hoja: inamwambia kila mwajiri akanunue bima mwenyewe kwenye kampuni, na kampuni hizo sijawahi kuona ajenti wao akishuka kwenye matatu hapa Kangeta kutafuta wachumaji wa kuwawekea bima.

Tanzania walichukua njia nyingine. Kwa sheria yao ya 2008 waliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ukaanza kazi Julai 2015. Mwajiri anachangia kila mwezi, mfanyakazi hatozwi chochote, na aliyeumia anaudai Mfuko, hamdai tajiri wake mmoja mmoja. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia moja ya mishahara. Sasa imeshuka hadi nusu. Sisemi kila kibarua wa Kariakoo yumo, wala kwamba hakuna foleni. Lakini fanya hesabu tena kwa kijana wetu. Nusu asilimia ya 13,000 ni shilingi 65 kwa mwezi, pakiti moja ya maziwa. Kazi ya juu ya mti ni ya hatari kuliko ya karani, basi izidishe mara tano: 325. Tajiri anatumia zaidi ya hapo kwa kadi za simu za kuwahimiza vijana wapande.

Na usiniambie hakuna namna ya kukusanya. Biashara ambayo kaunti za Pwani zimeweza kusimamisha magari yake barabarani na kuyatoza ushuru, gari baada ya gari, haishindwi kukusanya shilingi chache kwa gunia hapa hapa inapotoka. Vyama vya ushirika vipo. Sajili za wakulima zipo. Kinachokosekana ni mtu mmoja mkubwa anayeona aibu.

Lakini mfuko ni wa kesho. Kijana yuko leo, na leo sheria ni ile ile, na sheria ina saa. Mwajiri akishapata taarifa ya ajali ana siku saba za kumripotia Mkurugenzi. Taarifa ya mdomo inatosha. Tajiri wa kijana alipigiwa simu saa moja asubuhi, kijana akiwa bado kwenye matope chini ya mti, na aliyepiga yuko tayari kusema. Siku saba zilipita. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunaunda kikundi cha WhatsApp. Tulikuwa tunachagua mwenyekiti wa kamati, tunachapisha kadi za mchango, tunabishana kama kadi iwe na picha ya kijana akiwa mzima au akiwa kitandani. Wiki sita za kazi ya kujituma, watu waungwana, usiku na mchana, na hakuna mmoja wetu aliyeulizia fomu ya WIBA 1, ambayo ndiyo ya kuripoti ajali. Laiti nusu ya bidii ile ingepanda matatu kwenda ofisi ya kazi Meru mjini.

Mwajiri asiporipoti, haki ya mfanyakazi haifi papo hapo. Madai yanaweza kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo kwa wategemezi wa aliyekufa. Miezi 12. Ukitoa wiki za hospitali, ukatoa wiki za harambee, ukatoa miezi ya familia kuogopa kumuudhi mtu aliyewapa elfu ishirini, unabaki na nini?

Maana hofu ndiyo hasa. Mama wa kijana aliniambia nikiwa nimeketi jikoni kwake, yeye akipepeta maharagwe, kijana chumba cha pili amegeuzwa upande ili vidonda vya mgongoni vipate hewa. "Mwalimu," alisema, "huyu ana mdogo wake, na mdogo wake pia anachuma kwa yule mzee. Tukidai, huyo mdogo atakula wapi?" Akaendelea kupepeta. Nikamuuliza mdogo ana miaka mingapi. Kumi na saba. Nikauliza kama anapanda miti ile ile. Akanyamaza, kisha akasema ile miwili ya bondeni alikataa mwenyewe asiipande.

Sikuwa na jibu la kumpa, na sijalipata. Ningeweza kumwambia mambo ya katiba, kifungu cha 41, haki ya mazingira bora ya kazi. Nilimwambia badala yake kwamba nitakwenda mimi, jina langu liwe mbele, na akiulizwa aseme ni mwalimu mstaafu aliyekosa shughuli. Alicheka. Baada ya siku nne alinitumia mjukuu wake na bahasha: karatasi za hospitali, picha ya mgongo, na simu ya kijana yenye kioo kilichopasuka, ile yenye namba na M-Pesa.

Tuko mwisho wa Septemba. Ajali ilikuwa wiki ya pili ya Novemba. Jumatatu tunaondoka hapa saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshapatana na mwenye gari atoe kiti cha katikati ili kijana alazwe, naye amekataa kupokea nauli, nami safari hii sikumwitia mtu makofi. Mashahidi ni wawili. Yule aliyepiga simu siku hiyo amesema atakuja. Wa pili, aliyekuwa mti wa jirani, aliniahidi wiki iliyopita kwa kunishika mkono. Jana nilikutana naye stendi akipakia magunia kwenye gari la tajiri. Alinisalimia kwa adabu zote, akatazama chini, akaniambia asubuhi ile kulikuwa na ukungu na kwa kweli hakuona vizuri.